Waya Kabla ya Taa: Uchambuzi wa Taa za Ziada kwenye Magari ya Ukanda wa Dhahabu

Ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama, ukapitia Segese na Bulyanhulu hadi Geita, ni miongoni mwa sehemu za Tanzania ambako taa za ziada za gari zina sababu ya kuwapo. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, na kandokando ya migodi hiyo mikubwa yamekuwapo kwa miaka mingi machimbo ya wachimbaji wadogo ambayo hayafuati saa za ofisi: mawe hupakiwa kwenye viroba usiku, watu hupishana zamu usiku, na majeruhi wa shimoni hukimbizwa hospitali usiku. Barabara za kuingilia machimboni na vijijini ni za udongo na changarawe, hazina taa za kando wala mistari ya rangi, na hutumiwa kwa pamoja na malori, pikipiki, baiskeli zisizo na taa, mikokoteni inayokokotwa na ng'ombe, watembea kwa miguu wanaorudi kutoka mnadani na mifugo iliyochelewa kufika zizini. Kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi hutanda barabarani kwa muda mrefu baada ya gari moja kupita, na mvua zikianza, maeneo ya mbuga yenye udongo mweusi wa mfinyanzi huficha mashimo chini ya maji. Dereva anayetaka kuona mbali zaidi katika mazingira hayo hafuati urembo.

Hata hivyo, mazungumzo kuhusu taa hizi huanzia dukani na kuishia dukani. Mnunuzi huuliza taa ipi ni kali, ni ya wati ngapi na inauzwa bei gani, kisha humkabidhi fundi taa pamoja na waya wowote uliopatikana kwa fedha iliyobaki. Utaratibu huo umepinduka. Kiasi cha mwanga kinachofika barabarani huamuliwa na njia ya umeme kutoka betri hadi kwenye taa kwa kadiri ile ile kinavyoamuliwa na taa yenyewe, na mara nyingi zaidi ya hapo. Gari linalowaka moto kwa sababu ya taa za ziada haliunguzwi na taa bali na waya. Na uhalali wa kuwa na mwanga mkali hutegemea jinsi mwanga huo unavyoweza kuzimwa papo hapo mtu mwingine anapotokea mbele. Kwa hiyo swali la taa za ziada ni swali la waya kabla ya kuwa swali la taa.

Haja yenyewe inaweza kupimwa. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri takriban mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki, muda ambao gari limekwisha kula mita 33, na juu ya changarawe, ambako matairi hayashiki kama kwenye lami, breki huhitaji mita nyingine zipatazo 55 kulisimamisha. Jumla inakaribia mita 90. Taa za kawaida zikiwa kwenye dimu, yaani mwanga wa chini unaotumika wakati wa kupishana, humwonyesha mtu aliyevaa nguo nyeusi katika umbali wa mita 40 hadi 60 tu. Maana yake ni kwamba dereva anayekwenda kwa dimu kwa kasi hiyo anaendesha kuelekea mahali asipopaona. Akipunguza hadi kilomita 60, mahitaji yake hushuka hadi kama mita 56, na ndiyo sababu kupunguza mwendo ni dawa ya kwanza na isiyogharimu kitu. Taa za ziada hufuata baada ya hapo, wala hazichukui nafasi yake.

Hesabu ya mwanga nayo ina ukali wake. Nguvu ya mwanga juu ya kitu hupungua kwa mraba wa umbali, yaani kitu kikiwekwa mbali mara mbili hupata robo tu ya mwanga kilioupata awali. Mtu anayeongeza jozi moja ya taa zenye nguvu sawa na fulu yake, ambayo ni mwanga wa juu wa taa za kawaida, haongezi umbali wa kuona mara mbili. Huuongeza kwa takriban asilimia 40. Ili kuuona mti ulio mara mbili mbali zaidi anahitaji mwanga mara nne. Anayeahidiwa dukani kwamba taa mbili ndogo zitageuza usiku kuwa mchana anauziwa ndoto, na mwenye kuielewa hesabu hii hutafuta kwanza upotevu wa mwanga alionao kabla ya kununua mwingine.

Taa za ziada zenyewe si za aina moja. Ipo taa ya masafa, ambayo kioo chake cha nyuma hukusanya mwanga katika boriti nyembamba inayofika mbali. Ipo taa ya kuendeshea, ambayo boriti yake ni pana kidogo na huijazia fulu ya kawaida. Na ipo taa ya ukungu, maarufu kama fogi, ambayo hutupa mwanga mpana, mfupi na uliokatwa juu ili usipande hewani. Mkato huo wa juu ndio wenye thamani kwenye vumbi. Chembe za vumbi hurudisha mwanga kuelekea kwa dereva, na mwanga unaorudishwa huwa mkali zaidi taa inapokuwa karibu na usawa wa macho yake. Hivyo taa zinazopangwa juu ya paa, zinazopendwa kwa mwonekano wake, huwa mbaya kuliko zote nyuma ya lori linalotimua vumbi, na zaidi ya hapo huangaza boneti na kuyachosha macho. Fogi iliyofungwa chini ya bampa huupitisha mwanga chini ya wingu kubwa la vumbi. Imani kwamba rangi ya njano hupenya vumbi haina msingi mkubwa, kwa sababu chembe za vumbi ni kubwa mno kuliko mawimbi ya mwanga na hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Ufaransa ililazimisha taa za njano tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1993, kisha ikaachana nazo. Faida ya njano ni kwamba haina ile sehemu ya buluu ambayo huyachoma macho, na hiyo ni faida ya starehe kuliko ya umbali.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ambayo baadaye yalijulikana kama Safari Rally, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara zilizoendelea kutumiwa na wananchi wa kawaida, usiku na mchana. Magari yake yalitambulika kwa taa zilizofungwa juu ya mabawa ya mbele, karibu na kioo, mbali na matope na mawe, ambazo ziliwashwa hata mchana ili watu na wenye mifugo waone kwamba kuna gari linakuja ndani ya vumbi. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa. Katika mashindano ya namna hiyo mfumo wa umeme uliojengwa vibaya ulimaanisha kutofika, na kanuni zilizowafikisha madereva wale ndizo zinazohitajika leo kwa Noah inayobeba abiria kutoka Segese kwenda Kahama.

Kosa la msingi ambalo hufanywa mara nyingi ni kuunganisha taa moja kwa moja kupitia swichi ya ndani. Fundi hutoa waya kwenye betri, huupenyeza hadi kwenye dashibodi, huufunga kwenye swichi ndogo, kisha huurudisha mbele hadi kwenye taa. Taa mbili za halojeni za wati 55 kila moja zinatumia jumla ya wati 110, ambazo kwenye volti 12 ni ampea 9.2, na ampea ndicho kipimo cha wingi wa umeme unaopita. Waya mwembamba wa shaba wenye unene wa milimita mraba 0.75 na urefu wa mita sita, kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 0.14. Umeme ule ukipita humo, volti 1.3 hupotea njiani, karibu sehemu moja ya kumi ya volti 13.5 zinazotolewa injini ikiwa inaunguruma. Ng'ombe wengi wanaolazimishwa kupita kwenye mlango mwembamba wa zizi hubanana na kupata joto bila kufika upesi, na hali ya umeme kwenye waya mwembamba ni hiyo hiyo.

Sehemu moja ya kumi inaweza kuonekana ndogo, lakini globu ya halojeni haipungui kwa uwiano huo. Mwanga wake hushuka kwa kasi kubwa zaidi kuliko volti, takriban kwa kipeo cha 3.4, hivyo kupoteza asilimia 10 ya volti ni kupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Mwenye gari amenunua taa mbili na kuwasha kama moja na nusu. Sehemu iliyobaki inapasha joto waya nyuma ya dashibodi na kuunguza ncha za swichi ambayo haikutengenezwa kwa mzigo ule. Mzigo wa kuanzia nao ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa, kwa kuwa uzi wa globu ukiwa baridi huvuta kwa kitambo kifupi sana umeme unaoweza kufika mara kumi ya kawaida, na kila uwashaji huacha cheche ndani ya swichi. Huko ndiko zinakotoka swichi zilizoyeyuka na harufu ya plastiki ambayo abiria huisikia kabla ya dereva.

Suluhisho ni rilei, ambayo ni swichi inayofungwa na sumaku ya umeme badala ya kidole. Ndani yake mna saketi mbili zisizogusana. Ya kwanza ni koili, waya mwembamba uliozungushwa ambao hutumia umeme mdogo wa takriban ampea 0.15 hadi 0.2; ukipita, koili huwa sumaku na kuvuta kibati. Ya pili ni njia nene inayounganishwa na kibati hicho, yenye uwezo wa ampea 30 au 40. Swichi ya dashibodi huongoza koili tu, kwa hiyo waya unaoingia ndani ya gari unaweza kuwa mwembamba bila madhara, ilhali waya mnene wa taa hubaki mbele, kutoka betri hadi rilei na kutoka rilei hadi taa, kwa njia fupi. Waya wa milimita mraba 2.5 wenye urefu wa mita tatu, ukibeba ampea zile zile 9.2, hupoteza volti 0.2 tu, na taa hutoa karibu asilimia 95 ya mwanga wake. Taa ni zile zile na betri ni ile ile. Kilichobadilika ni waya na kifaa ambacho bei yake haifiki bei ya taa moja ya maana.

Miguu ya rilei ina namba zinazofuata kiwango cha Ujerumani, na fundi anayezijua hahitaji kubahatisha. Mguu wa 30 hupokea umeme wa betri uliokwisha kupita kwenye fyuzi, 87 huupeleka kwenye taa, na 86 pamoja na 85 ni ncha mbili za koili, moja ikipata chanya na nyingine ikienda hasi. Rilei yenye miguu mitano huwa na 87a katikati, ambao umeungana na 30 wakati koili imelala. Taa zikifungwa hapo kwa kukosea, huwaka gari likiwa limezimwa na kuzimika swichi inapobonyezwa, na betri hukutwa imekwisha asubuhi. Baadhi ya rilei zina diodi ndani, kifaa kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, na kwa hizo 86 lazima iwe chanya na 85 iwe hasi, vinginevyo fyuzi ya koili hukatika. Rilei hufungwa miguu ikitazama chini ili maji ya mvua na ya kuoshea yasitulie ndani yake.

Linabaki jambo la mahali pa kuchukua ishara ya kuiamsha koili, na hapa ndipo magari ya Toyota, ambayo ndiyo mengi katika ukanda huu, huwachanganya hata mafundi wazoefu. Mpango ulio salama ni kuchukua ishara kwenye waya wa fulu, ili taa za ziada ziwake fulu inapowashwa na zizimike dereva anaposhusha dimu, huku swichi ya dashibodi ikibaki na kazi ya kuzikata kabisa zisipohitajika. Katika magari mengi ya Ulaya waya wa fulu hupata chanya fulu inapowashwa, na koili huungwa kati ya waya huo na bodi ya gari. Lakini katika Toyota nyingi za zamani, zikiwamo Land Cruiser za mfululizo wa 70 na 80, taa huongozwa upande wa hasi. Ncha ya pamoja ya globu hupewa chanya mara taa zinapowashwa, na swichi ya usukani huchagua kati ya fulu na dimu kwa kuipeleka mojawapo kwenye bodi. Fundi akiunga koili kati ya waya wa fulu na bodi katika gari la namna hiyo, umeme hupenya kupitia uzi wa fulu uliolala na kuiamsha koili wakati wa dimu. Fulu ikiwashwa, waya ule hugeuka hasi na koili hulala. Taa za ziada huwaka kinyume: humpofua anayepishana na gari na kuzimika barabara inapokuwa tupu. Wengi hulikimbia tatizo hilo kwa kuziacha taa kwenye swichi ya peke yake, na hapo ndipo madhara makubwa zaidi huanzia. Dawa yake ni nyepesi: koili huungwa kati ya ncha ya pamoja yenye chanya na waya wa fulu wenye kugeuka hasi. Testa hulibainisha jambo hili kwa dakika moja, kwa maana kwenye gari linaloongozwa kwa hasi, waya wa fulu huonyesha chanya wakati wa dimu na chanya hiyo hupotea fulu inapowashwa. Katika magari mapya ambayo kompyuta huongoza taa, haifai kukata waya wowote wa kiwandani kabla ya kujua ishara inayopita humo.

Fyuzi nayo imeeleweka vibaya. Kazi yake ni kuulinda waya, wala haikuwekwa kwa ajili ya taa. Waya wa chanya unaotoka betri una nguvu ya kutosha kulehemu chuma, na ukichubuka ukagusa bodi mahali popote kabla ya fyuzi, hakuna kitakachoukata isipokuwa moto. Kwa sababu hiyo fyuzi hukaa karibu na betri, ndani ya sentimita 20 au 30 inapowezekana, na fyuzi iliyofichwa karibu na taa, umbali wa mita mbili kutoka betri, imeziacha mita hizo mbili bila ulinzi wowote. Kwa jozi ya wati 55, fyuzi ya ampea 15 juu ya waya wa milimita mraba 2.5 inatosha, na kwa jozi ya wati 100, inayovuta ampea 16.7, hutumika fyuzi ya ampea 25 na waya wa milimita mraba nne. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, kuna kitu kimeguswa au kimelemewa, na kuiziba kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara ni kuondoa mlinzi huku mwizi akiwa ndani.

Njia ya kurudi husahauliwa kuliko zote. Umeme unaofika kwenye taa hurudi betrini kupitia bodi, na sehemu ya kuungia ikiwa na rangi, kutu au vumbi, volti hupotea hapo kama zinavyopotea kwenye waya mwembamba. Chuma hukwanguliwa hadi king'are, boliti hukazwa kwa washa yenye meno, kisha sehemu hupakwa grisi kuzuia unyevu. Na kwa taa zenye wati nyingi, waya wa hasi wa unene ule ule hupelekwa moja kwa moja hadi betri. Kipimo cha kazi nzima ni mita ya volti. Injini ikiwa inanguruma na taa zikiwa zimewashwa, mita huwekwa kati ya chanya ya betri na chanya ya taa, kisha kati ya hasi ya taa na hasi ya betri. Namba mbili hizo zikijumlishwa ndizo volti zinazopotea, na zikizidi nusu volti, kuna sehemu ya kazi haikufanywa sawasawa. Kipimo hicho hakichukui dakika tano, na mwenye gari ana haki ya kuomba kifanyike mbele yake kabla ya kulipa.

Ubora wa waya unahitaji jicho. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, ambao ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba tupu na ambao huoza mapema kwenye maungio. Uzi wake mmoja ukikwanguliwa kwa kisu huonyesha weupe ndani. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu nao haufai, hata ukiwa mnene na wa shaba safi, kwa sababu mtikisiko huupinda mara elfu nyingi mahali pamoja hadi ukakatika ndani ya ganda lake. Barabara za changarawe zenye mawimbi madogo hutikisa kila kitu, na maungio ya kuviringisha nyaya na kuzifunga teipu hayahimili: joto la injini huilainisha gundi ya teipu, vumbi huingia, shaba hugeuka kijani, na taa huanza kupepesa kwenye kila korongo. Ncha za kubana kwa koleo lake maalumu, au maungio yaliyolehemiwa na kushikiliwa yasipinde, hudumu miaka. Waya hupitishwa ndani ya mpira wa kinga, mbali na ekzosi, feni na nguzo ya usukani, na unapopenya ukuta wa injini huvalishwa raba, kwa kuwa ukingo wa bati ni kisu.

Mambo ya uwezo wa gari yanahitaji maneno machache. Fuso na malori mengi hutumia volti 24, na kufunga humo taa za volti 12 kwa kuziunga mbili mfululizo huleta shida siku globu moja inapoungua, kwa maana zote mbili huzimika kwa pamoja. Kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili huichosha betri hiyo na kuifupishia maisha. Alteneta inapokuwa kwenye mzunguko wa chini hutoa sehemu tu ya uwezo wake, na gari linalosubiri mzigo machimboni kwa saa nzima likiwa limewasha wati 200 za ziada hutumia akiba ya betri. Injini ikiwa imezimwa kabisa, jozi ya wati 55 huimaliza betri ya ampea-saa 60 kwa muda usiofika saa saba, na stata hushindwa kuzungusha injini mapema zaidi ya hapo. Pikipiki ina uwezo mdogo zaidi. Taa yake ya kiwandani mara nyingi ni ya wati 35, na bodaboda anayeongeza taa mbili bila kuangalia uwezo wa jenereta yake huipunguzia betri chaji kila usiku.

Taa za LED zimebadilisha sehemu ya hesabu hizi. Hutoa mwanga mwingi kwa wati chache, na kwa kuwa nyingi zina saketi ndani inayorekebisha umeme, kushuka kwa volti hakuzififishi kama halojeni. Hilo halifuti haja ya fyuzi wala rilei. Wati zinazoandikwa kwenye maboksi ya taa za bei nafuu hazilingani na umeme zinaovuta, jambo ambalo mita ya ampea hulifichua mara moja, na taa isiyo na mapezi ya kutosha ya kutoa joto hufifia kadiri inavyowaka. Saketi zake duni pia hutoa mawimbi yanayoingilia redio, na kwa magari ya migodini yanayotegemea redio za mawasiliano, mngurumo unaomzuia dereva kusikia kwamba lori kubwa linakuja si kero ndogo.

Yote yaliyotangulia yanahusu mwenye taa. Yaliyobaki yanahusu wanaokutana naye. Jicho lililomulikwa kwa mwanga mkali huchukua sekunde kadhaa kurudia uwezo wake gizani, na kwa kilomita 80 kwa saa sekunde tatu ni mita 66 za kwenda bila kuona. Anayeathirika kwanza katika barabara za ukanda huu si dereva mwenzake aliyekaa juu ndani ya lori, bali ni mwendesha baiskeli na bodaboda, ambaye akipofuka huingia korongoni au huhamia katikati ya barabara. Kanuni za magari zinazofuatwa Ulaya zimeweka kikomo cha jumla ya nguvu ya taa zote za fulu katika kandela 430,000, na hudai kwamba taa za aina hiyo zizimike pamoja na fulu. Nchini Tanzania vifaa vya gari viko chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, na trafiki wana mamlaka ya kulisimamisha gari ambalo taa zake zinahatarisha wengine. Mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990, idadi ya watu wanaomulikana gizani iliongezeka, na suala hili likawa zito kuliko lilivyokuwa. Taa ya ziada isiyozimika kwa dimu haistahili kuwa barabarani, hata kama waya wake umefungwa kwa ustadi wa namna gani.

Kulenga taa hukamilisha heshima hiyo kwa wengine. Gari husimamishwa kwenye uwanja wa tambarare, mita 10 kutoka ukutani, urefu wa katikati ya kila taa kutoka ardhini hupimwa na kuwekwa alama ukutani, na kitovu cha mwanga hulengwa kwenye alama hiyo au sentimita chache chini yake. Lazima gari liwe na mzigo wake wa kawaida. Pikapu inayobeba viroba vya mawe au magunia ya mpunga wa Kahama hukaa nyuma na kuinua pua, na taa zilizolengwa ikiwa tupu humulika matawi ya miti na macho ya watu. Magari yaliyoingizwa kutoka nchi zinazoendesha upande wa kulia yana tatizo lililo kwenye taa zake za kiwandani, kwa sababu dimu yake hupanda upande wa kulia, ambako kwa Tanzania ndiko magari mengine yanakotokea. Hilo linapaswa kurekebishwa kabla ya kuongeza taa yoyote.

Kuna kazi moja ya mwisho ambayo mafundi wachache huifanya. Gari hubadilisha mikono, likitoka mgodini kwenda mnadani, kutoka kwa mfanyabiashara hadi kwa dereva wa abiria, na kila fundi huongeza nyaya zake juu ya zile asizozielewa, hadi chini ya boneti pakawa na nyaya zilizokatwa ambazo bado zina umeme. Mchoro mdogo unaoonyesha rangi ya kila waya, ukubwa wa fyuzi, mahali ilipo na mguu upi wa rilei unaenda wapi, ukiwekwa kwenye mfuko wa nailoni na kubandikwa ndani ya kifuniko cha boksi la fyuzi, huokoa saa nyingi za kupapasa. Taa hizi huharibika usiku, mbali na gereji, na mara nyingi anayezitengeneza si yule aliyezifunga.